Gereji ya Afande kule Bombo: wamenirudishia mfumo wa mvuke wa tangi kwenye Super Beetle ya Volkswagen (VW) ya 1973

Rivyu hii nimeichelewesha makusudi, nilitaka jua kali lirudi kwanza, maana gari kutonuka petroli wakati wa mvua na baridi si ushahidi wa chochote. Sasa jua limewaka la kutosha, gari limeshinda nje pale Wandegeya, hapa Kampala, vioo vimefungwa vyote, nafungua mlango nanusa kama mbwa wa polisi na sipati kitu zaidi ya harufu ya viti vizee. Kwa hiyo naandika.

Kwa mwenye haraka: fundi anajua kazi kupita wengi niliowapata Kampala, bei ni ya haki, kazi ya tangi ni safi kabisa. Ubaya ni kwamba simu hapokei, na habari ya mipira usimwachie anunue yeye. Mwenye muda akae, kuna mambo.

Gari lenyewe ni Super Beetle ya soko la Marekani, usukani kushoto, lililetwa huku miaka ya tisini na familia ya Wamarekani waliokuwa kazini, wakaondoka likabaki. Majirani wanaliita kikere, yaani chura kwa Kiganda, na mimi nimeshazoea. Sasa Beetle nyingi ambazo wazee wetu walikuwa nazo hapa tangi lilikuwa linapumua kwa kamrija kadogo tu, mvuke unajiendea zake hewani. Hii ya Kimarekani haikuruhusiwa, California ilianza kulazimisha mwaka 1970 na mwaka uliofuata ikawa nchi nzima, kwamba mvuke wa petroli usitoke kwenye tangi ovyo kwa sababu ndio ulikuwa unachangia ule moshi mchafu wa Los Angeles. Ndiyo maana VW wakaweka mfumo mzima ambao mafundi wetu wengi wakiuona wanadhani ni mipira ya ziada.

Unavyofanya kazi ni rahisi hata mtoto anaelewa. Tangi la Beetle liko mbele chini ya boneti, yaani karibu umelipakata. Petroli inatoa mvuke hata gari limezimwa, jua likipiga ndio zaidi. Ule mvuke unapanda kwenye kitanki kidogo cha plastiki, petroli iliyopanda nao inatulia inarudi chini, mvuke mtupu unapita kwenye bomba jembamba hadi nyuma kabisa kwenye kopo lenye mkaa maalum, liko chini ya madigadi ya nyuma kulia. Mkaa unaushika. Ukiwasha injini, ile feni inayopoza injini inapuliza hewa kidogo kupitia mpira hadi kwenye kopo, mvuke unasukumwa kwenda kwenye eya klina (chujio la hewa), unaingia kabureta, pale hewa na petroli vinapochanganywa, unaenda kuchomwa pamoja na petroli nyingine. Hakuna umeme, hakuna sensa, hakuna kompyuta. Nilipoelewa hivyo nilimheshimu aliyebuni, kwa sababu feni ilikuwa inapuliza tu siku zote, yeye akaipa kazi ya pili.

Sasa ilikuwaje mpaka nikafika Bombo. Gereji moja hapa mjini, siitaji, iliambia mwenye gari aliyenitangulia kwamba hiyo ni mitambo ya Wazungu ya kubana hewa chafu, inakula nguvu ya injini, wakang'oa kopo wakatupa, bomba wakaliziba kwa boliti na klipu juu yake. Shida ni kwamba kifuniko cha tangi la gari hili hakina tundu, kimetengenezwa kufunga kabisa kwa sababu tangi lilitakiwa lipumue kupitia lile bomba ambalo wao wameliziba. Matokeo yake injini inavuta petroli, hewa ya kujaza nafasi haina pa kuingia, tangi linajinyonga lenyewe. Unaenda Jinja vizuri, ukifika Mabira katikati ya msitu gari linakufa utadhani limeishiwa, na mafuta yapo. Ukifungua kifuniko unasikia fyuuu, unawasha linawaka. Fundi wa pili suluhisho lake likawa kutoboa kifuniko kwa drili. Kweli gari likaacha kuzima, ila sasa likawa linanuka mpaka abiria wanaumwa kichwa, na ukishuka mteremko tangi likiwa limejaa ukikanyaga breki petroli inachungulia nje. Tangi liko mbele, usisahau, na miguu yako iko nyuma yake tu.

Ndipo mtu akaniambia kuna mzee Bombo, alikuwa fundi wa magari jeshini, alistaafu akafungua gereji ndogo. Bombo ni kilomita 30 na kitu kutoka mjini, unafuata barabara ya kwenda Gulu. Mahali penyewe hakuna hata kibao, uliza gereji ya Afande utaonyeshwa. Kiswahili kinatembea pale mwanzo mwisho, cha Wanubi na cha kambini vimechanganyika, usijisumbue na Kiingereza.

Kilichonifanya nimwamini ni dakika zile za kwanza. Hakushika spana. Aliomba ufunguo, akafungua kifuniko akakigeuza akaona lile tundu la drili, akatikisa kichwa. Akazunguka nyuma, akapiga goti upande wa kulia, akaingiza mkono chini ya madigadi.

"Kopo liko wapi?"

"Kopo gani Afande?"

"Kopo la mkaa. Hapa kuna braketi, kuna boliti mbili zimeshika hewa. Kitu kilikuwa hapa. Nani alikula?"

Nikamweleza. Akasema basi tusianzie kwenye kopo, tuanzie kwenye tangi, kwa sababu tangi lililotobolewa kifuniko limekunywa unyevu miaka yote hiyo na kutu ikishuka itaua kabureta kabla ya mkaa haujafanya lolote. Na kweli waliposhusha (ni boliti nne tu na vibano vyake, waya wa geji, mpira wa chini, shingo, basi) wakamulika tochi ndani, chini kulikuwa na matope mekundu.

Hapa naomba nikae kidogo kwa sababu usalama wa pale ulinishangaza, mahali pengine nimeona mtu analehemu tangi huku anavuta sigara. Kwanza waya wa betri ukatolewa. Tangi likapelekwa nje uwanjani, na kijana anayeuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) pale mbele akaambiwa asogeze sigiri yake, jiko lake la mkaa, mpaka ng'ambo ya barabara, akanung'unika, Afande hakumjibu, alisimama tu anamwangalia mpaka ikasogea. Baadaye alinieleza kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauruki juu, unatambaa chini unatafuta moto wenyewe. Na usidanganyike na baridi, petroli inatoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo hali ya hewa ya Uganda ni sherehe kwake.

Kutu hawakuitoa kwa asidi. Walitumia molasi, ile wafugaji wananunua kwa ajili ya ng'ombe, inatoka kwenye viwanda vya sukari kama Kakira na Lugazi. Sehemu moja ya molasi kwa tisa za maji, unajaza tangi mpaka juu unaliacha. Inakula kutu polepole na haigusi chuma kizima. Inatoa povu na harufu ya ajabu, nzi wa Bombo nzima walihamia pale, lakini tangi lilipomwagwa na kusuuzwa lilikuwa la kijivu safi ndani, nikapitisha kidole hakuna unga. Ubaya wa njia hii ni muda, haiharakishwi. Mimi nilikuwa na haraka yeye hakuwa nayo, tukaenda kwa mwendo wake.

Palionekana katundu ka sindano karibu na mshono. Wakajaza tangi maji, wakaacha nafasi ndogo tu pale pa kufanyia kazi, wakaziba kwa kulehemu kwa risasi kwa chuma cha moto, hakuna mwali wa gesi uliokaribia. Gasketi ya geji ya mafuta juu ya tangi wakaweka mpya, ile ya zamani ilikuwa imekauka mpaka inavunjika vipande, na nadhani nusu ya harufu yangu ilikuwa inatokea hapo.

Kopo ndilo lililonifurahisha. La VW hasa kulipata huku ni ndoto, na kuagiza nje ungelipa usafiri na ushuru mpaka ulie. Afande akamtuma kijana Kisekka, soko la spea za magari Kampala, akaleta kopo la mkaa la Toyota ya kabureta ya miaka ya themanini, yako mengi pale yametupwa kwenye marundo hayana mnunuzi. Lina matundu matatu: la kutoka tangini, la kwenda injini, na la kuingiza hewa. Beetle nayo inahitaji matatu, tangi, eya klina na feni. Inaingiana. Lakini hakulifunga hivyo hivyo. Alipuliza kila tundu kwa mdomo, akaniambia ndani kuna vivalvu, na kile cha upande wa injini kimetengenezwa kusubiri uvutaji wa nguvu wa Toyota, eya klina ya Beetle haina nguvu hiyo, ukikiacha mkaa hautasafishwa hata siku moja, utajaa mvuke na utarudi kunukia vile vile. Akakata kopo chini, akakitoa, akamwaga mkaa wa zamani. Ule mkaa ulikuwa umegeuka unga mweusi, na unga huo ungevutwa kwenye kabureta tungekuwa na kilio kingine.

Mkaa mpya nilinunua mwenyewe duka la vifaa vya kuchujia maji, Industrial Area, ule wa vifuu vya nazi wa chengachenga. Kuna mtu alinishauri nitwange mkaa wa kupikia, jamani hapana. Huu wa kuchujia umechomwa na kufunguliwa vitundu ndani kwa ndani, gramu moja ina eneo la ndani zaidi ya mita za mraba 500, wa sigiri haufiki popote. Kama bidhaa naupa alama nzuri, chenga zilikuwa sawasawa, vumbi lilikuwepo lakini likaoshwa likatoka, tukaukausha juani mpaka ukawa mkavu kabisa. Kasoro yake moja mwenye gari ajue: ule wa magari kwa kawaida unatengenezwa kwa mbao na unaachia mvuke kirahisi, huu wa nazi vitundu vyake ni vidogo zaidi, unashika kwa nguvu na kuachia ni kwa shida kidogo. Kwa Beetle inayopulizwa na feni muda wote injini inapozunguka mpaka sasa sijaona tatizo, ila gari lingine lisingepulizwa hivyo ningefikiria mara mbili. Juu na chini ya mkaa waliweka wavu wa chujio la chai, la chuma kisichoshika kutu, wakakata kwa mkasi mviringo sawasawa. Kijana wa pale alitaka sponji la godoro, Afande akamwambia petroli italigeuza uji.

Sasa mipira, na hapa ndipo nyota moja inapopotea. Afande alinunua mipira bila kuniuliza, ya silikoni ya bluu, inapendeza machoni sana, sijui nani aliwaambia watu kila kitu cha bluu ni cha rali. Silikoni kwa maji ya rejeta sawa, kwa petroli haifai, inavimba na mvuke unapenya kwenye ukuta wake wenyewe, kwa hiyo ungekuwa umefunga klipu vizuri kabisa na gari bado linanuka. Nilipomwambia hakubishana, alisema jeshini walipewa mipira hawakuchagua, akaitoa. Lakini pesa ya ile ya bluu ilishakwenda, tukagawana hasara.

Nikaenda kutafuta mwenyewe. Unatakiwa mpira ulioandikwa SAE J30R7, ndio wa petroli ya kabureta na mvuke wake. Duka la kwanza, silitaji, walinipa mpira umeandikwa hivyo hivyo safi kabisa, nikaomba tone la petroli kwenye kitambaa nikasugua, maandishi yote yakabaki kwenye kitambaa, na kitambaa kikawa cheusi. Muuzaji akacheka akasema "sebo (bwana), hiyo ni ya bei nafuu." Duka la tatu ndio nikapata wenye nyuzi ndani, maandishi hayatoki, bei karibu mara mbili. Nunueni huo huo. Uganda ilishapitisha sheria ya kuchanganya ethanoli kwenye mafuta tangu 2020, na mpira wa bei nafuu ukikutana na ethanoli hautakaa.

Kupima waliunda kifaa chao. Mrija wa plastiki unaoonyesha ndani, umekunjwa umbo la U kwenye ubao, umetiwa maji yenye rangi ya wino, upande mmoja umeungwa kwenye bomba la mvuke. Kijana akapuliza taratibu kwa pampu ya baiskeli mpaka tofauti ya maji ikafika sentimita 35, hiyo ni kama nusu psi, kipimo kile kile cha upepo wa matairi. Nikauliza kwa nini wasitie kompresa waharakishe, nikajibiwa tangi ni bati, si gurudumu, litavimba mbele ya macho yako. Maji yakashuka polepole. Wakapaka povu la sabuni kila kiungo, kiputo cha kwanza kikatoka kwenye shingo ya tangi pale mpira unapoingia, wakabana, yakashuka tena, safari hii kwenye kile kitanki cha plastiki, kilikuwa na ufa mwembamba usioonekana kavu. Wakakiziba, wakapuliza, maji yakasimama. Tulikunywa chai, tukarudi, maji yako pale pale. Hicho kipimo peke yake kinatosha mimi kumpeleka mtu Bombo, kwa sababu kwingine kote kipimo ni pua ya fundi.

Ukutani kwake kuna picha ya Datsun 240Z, ile ya Safari Rally ya 1973, aliyoshinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa hapa Uganda. Ukimpa nafasi Afande atakuambia Z ni mbaya zaidi kwa harufu kuliko Beetle, kwa sababu kitanki chake cha mvuke kimekaa ndani ya kabini kabisa, nyuma ya paneli ya pembeni huko nyuma, mipira yake ikipasuka mvuke uko na wewe humo humo. Mwenye Z anayesoma hapa afungue hiyo paneli kabla hajalaumu kabureta.

Malipo: laki saba na themanini kwa kazi yote na kopo, nje ya mkaa na mipira niliyonunua mimi. Risiti ya mkono kwenye daftari la shule, kila kitu kimeandikwa. Simu yake ni mapambo, haipokelewi, kwa hiyo ukitaka kujua gari limefikia wapi unapanda taksi unaenda Bombo, na ukifika unaambiwa njoo wiki ijayo. Kama unalihitaji gari kwa kazi ya kila siku hapa utateseka, peleka ukiwa na usafiri mwingine.

Matokeo sasa. Harufu imeisha, hilo nimeshasema. Kuzima njiani kumeisha, nimelipeleka mpaka Kabale ambako ni karibu mita 2,000 juu, mahali ambapo hewa ni nyepesi na tangi linasukuma mvuke kuliko Kampala, hakuna shida. Nguvu ya injini iko vile vile, wale wa "inakula nguvu" watafute stori nyingine. Ulaji wa mafuta siwezi kudanganya, sijaona tofauti. Kitu kimoja cha kuzoea ni kwenye sheli: pampu ikikata mara ya kwanza, mwambie dada au kaka wa pale aache hapo hapo. Wao wanapenda kuongeza kidogo kidogo ifike elfu kamili, na ile ya ziada inapanda kwenye bomba la mvuke, inaenda kulowesha mkaa, na mkaa uliolowa petroli ya maji umekwisha, utarudi Bombo na Afande hatakupokea kwa furaha.

Kilichobaki ni kifuniko. Tundu la drili limezibwa kwa risasi na limeshika kwenye kipimo, lakini sipendi kukiangalia. Mwenye kujua wapi Kampala, au hata Nairobi, naweza kupata kifuniko cha Beetle cha kufunga kabisa, kisicho na tundu, aniambie. Vya kufuli vyenye nembo ya kung'aa nimeviona, asante, sivitaki.